Kwa nini ndege huachiana nafasi kubwa zinapokuja kutua: uzi kuhusu visulisuli vya mabawa

Mchunguza Anga (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, katika mijadala yetu ya usafiri kuna lalamiko linalorudi kila baada ya muda: ndege imeshafika juu ya mji, uwanja unaonekana dirishani, anga ni shwari, na bado rubani anatangaza kwamba wanasubiri zamu. Wengi hudhani nafasi inayoachwa kati ya ndege na ndege ni ya kuzuia zisigongane tu. Kwa sehemu ni kweli, kwani kwa kawaida mwongozaji anayetumia rada huachanisha ndege zinazokaribia uwanja kwa angalau maili 3 za baharini. Lakini nafasi hiyo inapopanda hadi maili 5, 6 au hata 8, kinachoogopwa si ndege iliyo mbele, bali hewa ambayo ndege hiyo imeiacha nyuma yake.

Bawa linapobeba ndege, mgandamizo wa hewa chini yake huwa mkubwa kuliko wa juu. Kwenye ncha ya bawa hakuna kinachozitenga hewa hizo mbili, kwa hiyo ile ya chini huizunguka ncha na kukimbilia juu, na kwa kuwa ndege inasonga, mzunguko huo hubaki nyuma yake ukiwa umelala kwa urefu wa maili kadhaa. Kila ndege huacha visulisuli viwili, kimoja upande wa kushoto na kingine wa kulia, vinavyozunguka kwa kupingana, hivi kwamba katikati yao hewa inashuka kwa nguvu na nje yao inapanda. Uzito ukiongezeka, visulisuli vinaongezeka nguvu. Mwendo ukipungua, vinaongezeka pia. Ndege nzito inayokwenda polepole ndiyo yenye visulisuli vibaya kuliko zote, na uzito pamoja na mwendo mdogo ndiyo hali ya kila ndege kubwa inayokuja kutua.

Visulisuli hivyo havibaki pale vilipozaliwa. Hushuka kwa kasi ya futi 300 hadi 500 kwa dakika, kisha hupunguza mwendo na kwa kawaida hukoma ndani ya futi 1,000 chini ya njia ya ndege iliyovizaa. Hewa yenye misukosuko huvivunja upesi, ilhali hewa tulivu huviacha viishi dakika mbili, tatu, wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo abiria anayesema kwamba leo hakuna upepo, mbona tunacheleweshwa, anaitaja siku ile ile ambayo mwongozaji wa ndege ana sababu kubwa zaidi ya kuwa mwangalifu.

Sheria za nafasi hizi hazikutungwa mezani tu. Tarehe 30 Mei 1972, katika uwanja wa Greater Southwest, Fort Worth, Texas, ndege ya Delta aina ya DC-9 ilikuwa katika safari ya mafunzo, ikifuata kwenye njia ile ile DC-10, ndege kubwa zaidi, ya American Airlines iliyokuwa nayo katika mazoezi. DC-9 ilipokaribia kugusa ardhi ilianza kuyumba, ikalala upande wa kulia, ncha ya bawa ikagonga njia ya kurukia, ikapinduka na kuwaka moto. Watu wote wanne waliokuwamo walikufa. Nafasi kati ya ndege hizo mbili ilikuwa chini ya dakika moja. Ndege kubwa za kizazi kile zilikuwa ndiyo kwanza zimeingia kazini, na ajali hiyo ilizilazimu mamlaka za Marekani kuikaza mipaka ambayo hadi wakati huo ilikuwa legelege.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga liliziweka ndege katika makundi kwa uzito wa juu kabisa wa kurukia. Nyepesi ni zile zisizozidi kilo 7,000. Za kati ni kutoka hapo hadi chini ya kilo 136,000. Nzito ni kuanzia kilo 136,000. Airbus A380, ndege nzito kuliko zote zinazobeba abiria, ilipokuja ilihitaji daraja lake peke yake. Kwa mpangilio huo, ndege nzito hufuata nzito kwa maili 4, ya kati hufuata nzito kwa maili 5, na nyepesi hufuata nzito kwa maili 6. Nyuma ya A380, ndege ya kati hukaa maili 7 na nyepesi maili 8. Ndiyo maana rubani wa ndege nzito huongeza neno la uzito wake (“heavy”, yaani nzito) baada ya jina la safari anapojitambulisha redioni mara ya kwanza: anawaonya walio nyuma.

Maoni yangu ni kwamba mpangilio huu umeokoa watu wengi, lakini uzito pekee ni kipimo butu. Tazameni kundi la kati: ATR 72 yenye tani 23 imewekwa pamoja na Boeing 757 yenye tani 115 hivi. Mwezi Desemba 1992 huko Billings, Montana, ndege ndogo ya jeti aina ya Citation iliyokuwa nyuma ya 757 ilianguka na kuua watu 8. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 15 Desemba 1993, jeti nyingine aina ya Westwind ilianguka Santa Ana, California, ikiwa maili 2 hivi tu nyuma ya 757 na chini ya njia ya ndege hiyo. Watu 5 walikufa. Katika tukio hilo la Santa Ana, marubani wa Westwind walikuwa wamekubali kukaribia kwa kuangalia kwa macho, na rubani anayekubali hivyo hubeba mwenyewe jukumu la kujitenga na visulisuli. Tatizo ni kwamba alichokuwa akikiangalia ni ndege, na kinachomdhuru hakionekani. Baada ya hapo Marekani iliamua kuitendea 757 kwa namna ya pekee, ingawa uzito wake haukuwa umebadilika hata kilo moja.

Kombo wa Mwanakwerekwe

Mkuu, shukrani kwa maelezo. Nina swali moja. Kama visulisuli hushuka, na kama ndege zote hufuata mwale ule ule wa redio unaoteremka kwa nyuzi 3, basi ndege ya nyuma ingekuwa daima juu ya visulisuli vya ile ya mbele. Maili zote hizo ni za nini?

Mchunguza Anga

Ndugu Kombo, umegusa penyewe. Kwa sehemu kubwa ya mteremko, hali ni hiyo uliyoieleza, na ni moja ya sababu zinazofanya mamilioni ya ndege zitue salama. Rubani wa ndege nyepesi hufundishwa kuitumia kanuni hiyo kwa makusudi: abaki juu ya njia ya ndege kubwa iliyomtangulia, atazame ilipogusa ardhi, na yeye aguse mbele ya hapo.

Kinachoharibu hesabu ni ardhi. Visulisuli vikifika karibu na ardhi haviwezi tena kushuka, hivyo huachana na kutambaa pembeni, kila kimoja upande wake, kwa mwendo wa noti 2 au 3 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa). Sasa fikiria upepo mwanana wa ubavuni wenye mwendo kama huo huo. Kisulisuli cha upande unakokwenda upepo kitafukuzwa haraka, lakini cha upande unakotoka upepo kitasukumwa kurudi kwa kiasi kile kile kinachojaribu kuondoka, na matokeo yake kitasimama juu ya njia ya kurukia. Zaidi ya hayo, kisulisuli kilichogusana na hewa ya karibu na ardhi kinaweza kuinuka tena kidogo. Hivyo katika futi 300 za mwisho ndege inayofuata inaweza kukikuta kisulisuli katika kimo chake kabisa, na hapo ndipo rubani hana kimo cha kupoteza wakati wa kurekebisha.

Kuhusu kinachotokea ndani yake: ndege ndogo ambayo mabawa yake yote mawili yanaingia ndani ya mzunguko mmoja husukumwa kujiviringisha, na vibawa vya ukingoni ambavyo rubani anavitumia kuinyoosha huwa navyo vimo ndani ya hewa hiyo hiyo inayozunguka. Anaweza kukata usukani hadi mwisho na ndege ikaendelea kulala upande. Ndege yenye mabawa marefu huwa na sehemu ya bawa iliyotoka nje ya mzunguko, na hiyo huisaidia.

Mhandisi wa Tabata

Nakubaliana na mengi, lakini naomba kutofautiana kidogo, kwa sababu naona tunaelekea kuwatisha abiria wa ndege kubwa bila sababu. Mifano yote miwili ya Mchunguza Anga kuhusu 757 ni ya ndege ndogo. Watu hupenda kuitaja USAir 427 iliyoanguka karibu na Pittsburgh tarehe 8 Septemba 1994 na kuua watu 132. Ni kweli kwamba Boeing 737 hiyo, ikiwa inakaribia uwanja, ilipita katika visulisuli vya Boeing 727 ya Delta iliyokuwa maili 4 hivi mbele. Lakini uchunguzi ulihitimisha kwamba kilichoiangusha ni usukani wa mkiani uliogeukia upande usiotakiwa kutokana na vali iliyokwama. Vilevile American 587, Airbus A300 iliyoanguka New York tarehe 12 Novemba 2001 muda mfupi baada ya kuruka nyuma ya Boeing 747 ya Japan Airlines. Walikufa watu 260 waliokuwamo na 5 waliokuwa ardhini. Bawa la wima la mkiani lilikatika kwa sababu rubani msaidizi alikanyaga pedali za usukani kushoto na kulia kwa nguvu iliyopita kiasi, na ripoti ikataja pia muundo wa usukani wa aina hiyo ya ndege na mafunzo ya kampuni. Visulisuli vyenyewe visingeidhuru ndege ile.

Mchunguza Anga

Ndugu Mhandisi, taarifa zako ni sahihi na sina ugomvi nazo. Ninachotofautiana nacho ni hitimisho. Katika matukio yote mawili, kisulisuli ndicho kilichoanza. Vali ya 737 ingeweza kukaa miaka bila kuombwa kufanya kazi ya ghafla kiasi kile. Rubani msaidizi wa 587 asingekanyaga pedali kama ndege isingetikisika. Mimi huona kwamba hatari ya visulisuli kwa ndege ya abiria haipimwi kwa nguvu ya msukumo peke yake, bali kwa kile ambacho msukumo huo unakikuta: chombo chenye kasoro iliyojificha, au binadamu aliyefundishwa vibaya namna ya kuitikia.

Na tusidhani kwamba jambo hili liko Marekani tu. Tarehe 7 Januari 2017, jeti ya biashara aina ya Challenger 604 iliyotoka Malé kwenda Berlin ilipishana na A380 ya Emirates juu ya Bahari ya Arabu. A380 ilipita futi 1,000 juu yake, nafasi inayokubalika kabisa kisheria. Muda mfupi baadaye Challenger ilijiviringisha, ikapoteza zaidi ya futi 8,000, injini moja ikalazimika kuzimwa, na watu waliokuwamo wakaumia. Marubani walifanikiwa kutua Muscat, lakini ndege ile haikufaa tena kuruka. Hapakuwa na uwanja wenye msongamano, hapakuwa na ukaribu wa kutua. Palikuwa na hewa tulivu ya juu na ndege nzito kuliko zote zinazobeba abiria.

Mhandisi wa Tabata

Hilo la Bahari ya Arabu nalikubali. Nilichotaka ni tusiweke visulisuli na sababu ya ajali katika kapu moja.

Mkazi wa Hounslow

Naishi magharibi mwa London, karibu na uzio wa uwanja wa ndege wa Heathrow, na naomba niongeze yale yanayoonekana kwa jicho la mtu wa chini. Ndege kubwa ikipita juu ya nyumba, kelele za injini huja na kuondoka. Halafu, sekunde kadhaa baadaye, kukiwa kumetulia, unasikia mlio wa pili: mluzi mkavu unaopasuka-pasuka, kama mjeledi unaochapwa hewani, na majani ya mti wa jirani yanazunguka wakati miti mingine imesimama kimya. Hicho ni kisulisuli kinachofika chini. Mara nyingine hung'oa vigae vya paa. Uwanja una mpango maalumu kwa nyumba zilizo chini ya njia za kutua: mafundi huja kutengeneza paa lililoharibika na kuliezeka upya kwa vigae vilivyobanwa kimoja kimoja. Mtu anayedhani kwamba visulisuli ni nadharia ya wanafizikia angekaa kidogo kwenye bustani za mtaa huu.

Kuhusu foleni, Heathrow ina njia mbili tu, na kwa kawaida moja hutumika kutulia na nyingine kurukia. Adui mkubwa wa ratiba hapa alikuwa upepo wa mbisho, yaani unaovuma kutoka mbele ya ndege. Ndege inayokaribia kwa mwendo wa noti 140 katika hewa iliyosimama huzimaliza maili 5 kwa sekunde kama 129. Ukivuma upepo wa mbisho wa noti 30, mwendo wake juu ya ardhi unakuwa noti 110, na maili zile zile 5 zinachukua sekunde kama 164. Tuchukulie kwamba nafasi zote ni za maili 5: siku tulivu zingetua ndege 28 kwa saa, na siku ya upepo 22. Ndege 6 kila saa zinabaki hewani zikizunguka, au haziruhusiwi hata kuondoka zilikotoka. Na jambo la kushangaza ni kwamba siku hiyo ya upepo visulisuli huvunjika na kupeperushwa mapema zaidi, kwa hiyo nafasi inarefuka siku ambayo hatari imepungua.

Tangu mwaka 2015 waongozaji wa hapa wanatumia mpangilio wa muda badala ya umbali. Kompyuta hupima upepo kwa kutumia taarifa zinazotoka kwenye ndege zenyewe, na skrini ya mwongozaji huonyesha alama ambapo ndege inayofuata inapaswa kuwa ili muda ubaki ule ule. Upepo ukizidi, maili hupungua, sekunde zinabaki.

Mchunguza Anga

Ndugu wa Hounslow, huo ndio mfano niliokuwa nautafuta. Maili zilitumika kwa sababu ndicho kitu ambacho rada ingeweza kumwonyesha mwongozaji wa miaka ya 1970, ilhali kinachokiua kisulisuli ni muda na hewa. Upande wa pili wa kazi umefanyika kwenye makundi: tangu 2012 uwanja wa Memphis, ambako kampuni ya mizigo ya FedEx hushusha ndege nyingi usiku, ulianza kutumia makundi sita badala ya yale ya zamani, yaliyozingatia pia urefu wa mabawa. Paris Charles de Gaulle ilifuata mwaka 2016 kwa mpangilio wa Ulaya. Ndege mbili nzito zilizokuwa zikiachanishwa kwa maili 4 bila kujali tofauti zao, sasa nyingine zinaweza kusogezwa karibu zaidi, huku ndege ndogo katika baadhi ya jozi zikiongezewa nafasi.

Msafiri wa Deira

Hapa Dubai tuna njia mbili sambamba. Je, haziwezi kutumika pamoja ili kukwepa shida hii?

Mchunguza Anga

Haziwezi, ndugu yangu. Njia sambamba zilizo chini ya mita 760 huhesabiwa kuwa njia moja kwa upande wa visulisuli, kwa sababu upepo wa ubavuni unaweza kukibeba kisulisuli kutoka njia moja hadi nyingine. Za Dubai zimeachana mita 385. Za Heathrow zimeachana zaidi ya mita 1,400, hivyo hazina tatizo hilo.

Binti wa Kiembesamaki

Kaka zangu, mimi naomba turudi nyumbani. Hapa Unguja njia ya kurukia ni moja, na juu yake hupita Caravan zinazobeba watu 12 kwenda Pemba na Dar es Salaam pamoja na ndege kubwa za watalii kutoka Ulaya na Ghuba. Nikiwa ndani ya Caravan, nimeona mara kadhaa tukisimama mwanzoni mwa njia hali hakuna ndege yoyote inayoonekana. Je, ni hayo mnayoyajadili?

Mchunguza Anga

Bila shaka dada, na kwa mtazamo wangu mchanganyiko huo unahitaji uangalifu kuliko foleni ya Heathrow, kwa sababu Heathrow karibu ndege zote ni kubwa. Caravan haifiki hata tani 4, na Boeing 787-8, kama zile za Air Tanzania, inaweza kuruka na zaidi ya tani 220. Kanuni ya kimataifa inasema ndege nyepesi inayoruka nyuma ya nzito kutoka mahali pale pale isubiri dakika 2. Ikiwa itaanzia katikati ya njia, jambo ambalo Caravan inaweza kufanya kwa urahisi kwa kuwa haihitaji njia yote, dakika zinakuwa 3, kwani pale katikati ndipo ndege kubwa inapokuwa imeshainua pua na kuanza kuacha visulisuli. Kwa kutua pasipo kutumia rada, ndege nyepesi huachiwa dakika 3 nyuma ya nzito, na dakika 3 hizo hizo nyuma ya ndege ya kati, yaani hata nyuma ya 737.

Kuna jambo moja ambalo abiria wa Caravan anaweza kuliona mwenyewe. Mkija kutua nyuma ya ndege kubwa, rubani mzuri atakaa juu kidogo kuliko kawaida na kugusa ardhi mbele zaidi, akiiacha nyuma alama nyeusi ya matairi ya wakubwa. Abiria wa kiti cha nyuma huwa anadhani rubani amekosea na njia inamwishia. Njia ya Unguja ina zaidi ya mita 3,000, na Caravan inahitaji sehemu ndogo tu ya hizo, kwa hiyo anazo za kuchezea.

Binti wa Kiembesamaki

Ahsante sana. Safari ijayo nitahesabu hizo dakika badala ya kumlalamikia rubani.